Arabuko-Sokoke, Amani au Ngangao: msitu upi kwa ndege yupi?

Majina ya ndege wa misitu hii mitatu yanapotosha. Chozi wa Amani, ndege mdogo mfyonza maua, huonekana kwa urahisi zaidi Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kuliko Amani yenyewe. Bundi mdogo wa Sokoke naye yupo pia kwenye miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania, ila huko kumpata mchana ni bahati tupu. Mtu anayefunga safari kwa kusoma jina tu anaweza kuzunguka msituni siku tatu akamkosa ndege aliyemfuata, kumbe yuko upande wa pili wa mpaka.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza hifadhi ipi ni nzuri. Anza na ndege unayemtaka, kisha mwezi ulio nao, kisha idadi ya siku. Hapa tunalinganisha misitu mitatu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia kwa gari la abiria na kuitembea kwa miguu: Arabuko-Sokoke katika kaunti ya Kilifi, Amani katika wilaya ya Muheza mkoani Tanga, na Ngangao katika vilima vya Taita. Yote mitatu inalinda ndege walio hatarini kutoweka, lakini kila mmoja una masharti yake. Arabuko inataka uamke mapema na uwe na gari. Amani inataka siku. Ngangao inataka adabu, kwa kuwa ni kisiwa kidogo cha msitu na ndege wake hawana pa kukimbilia.

| | Arabuko-Sokoke | Amani | Ngangao |
|---|---|---|---|
| Ukubwa | kama km² 420 | karibu km² 84 | kama hekta 120 |
| Mwinuko | usawa wa pwani hadi m 200 hivi | m 190 hadi 1,130 | zaidi ya m 1,700 |
| Ndege wa kumfuata | bundi mdogo wa Sokoke, kwera wa Clarke, chozi wa Amani | mshonaji mdomo-mrefu na ndege wa makundi ya juu mitini | mkesha wa Taita, apalisi wa Taita |
| Muda wa chini | asubuhi mbili | siku tatu kamili | asubuhi moja, na ya pili ya akiba |
| Kinachokwamisha | joto baada ya saa tatu. Umbali ndani ya msitu | mvua na barabara ya mlima | ukungu |

Arabuko-Sokoke: misitu mitatu ndani ya mmoja

Ukiutazama kutoka barabara ya Mombasa–Malindi, ni ukuta mmoja wa kijani. Ndani yake kuna kanda tatu, na ukikosea ukanda umemkosa ndege. Upande wa mashariki, karibu na lami na kituo cha msitu cha Gede, kuna msitu mchanganyiko: mnene, wenye kamba za mitambaazi na kivuli kizito. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, ni mirihi, miti ya Brachystegia iliyoachana kidogo kiasi kwamba unaona anga. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni vichaka vya Cynometra, vimesongamana, na matawi yake yanashika shati kila hatua.

Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, anakaa kwenye huo ukanda wa magharibi. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, jambo linaloonyesha jinsi anavyojua kujificha. Urefu wake ni kama sentimita 16, mtu anaweza kumfunika kwa kiganja. Wapo wa kijivu, wa kahawia, na wa rangi inayokaribia kutu. Mchana hukaa wawili wawili, bega kwa bega, kwenye tawi la chini ndani ya kichaka. Waongozaji wa Arabuko wanazijua himaya zao moja moja. Wengine hutangulia kabla ya mapambazuko, wakasikiliza filimbi zao fupi za kujirudia, wakajua jozi imelala wapi siku hiyo. Ndiyo maana mwongozaji hapa si mapambo ya safari: bila yeye unaweza kupita mita tatu kutoka kwa bundi ukadhani ni kisiki kilichovunjika.

Wageni wengi hupanga asubuhi yao kinyume. Wanamkimbilia bundi kwanza kwa kuwa ndiye waliyemjia, na wanapofika kwenye mirihi saa nne, ndege wote wamenyamaza kwa joto. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: patana na mwongozaji siku moja kabla, mkutane saa kumi na moja na nusu alfajiri, muwe ndani ya mirihi kunapokucha. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu tafuta ndege wa juu mitini. Jua likishawanyamazisha, ndipo muende kwa bundi. Yeye amelala, hana haraka, na saa nne atakuwa palepale alipokuwa saa moja.

Kwenye mirihi, tembea polepole ukisikiliza kundi. Unaweza kukaa nusu saa bila unyoya, halafu miti mitatu ikajaa ghafla. Tafuta kwanza ndege weusi wenye midomo na miguu myekundu wanaoruka kwa pamoja kutoka mti hadi mti, kwa sababu kwera wa Clarke hupenda kufuatana nao. Dume ana kichwa cheusi na tumbo la njano. Hupekua magome na majani ya juu kabisa, na shingo itakuuma kabla hujamwona vizuri. Kwera huyu, Ploceus golandi, hapatikani popote duniani isipokuwa kipande hiki cha pwani ya Kenya, na viota vyake havikujulikana hadi mwaka 2013, vilipopatikana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki. Maana yake kwa mgeni ni hii: mvua zikinyesha vizuri na vinamasi vya Dakatcha vikajaa, kwera wanaweza kuhama Arabuko kwa wiki kadhaa wakaenda kuzaa. Mwulize mwongozaji kwa simu, "Kwera mmemwona lini mara ya mwisho?" kabla hujakata tiketi. Jibu lake ni la thamani kuliko kitabu chochote.

Chozi wa Amani yuko hukohuko juu ya mirihi. Dume ana kichwa cheusi kinachong'aa kijani juani, na chini ni mweupe safi; huo weupe ndio wa kutazama, maana ukiwa chini ya mti ndio unaouona. Pipiti wa Sokoke yeye yuko miguuni pako: hutembea kimya juu ya majani makavu na hushtuka ukiwa umemkaribia sana. Zingatia anapotua, kisha zunguka kwa mbali badala ya kumfuata moja kwa moja, la sivyo ataruka tena na tena.

Kwenye msitu mchanganyiko kuna mnyama anayestahili dakika zako: sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Ukisikia majani makavu yakichakarishwa kwa mdundo, simama usigeuze kichwa haraka. Anapita kwa kurukaruka, na kile kiraka cha njano nyuma yake kinawaka kama taa.

Mambo yanayoharibika hapa. La kwanza ni umbali: aliyekuja bila gari ataishia msitu mchanganyiko karibu na Gede, kwa sababu kwenda ukanda wa Cynometra na kurudi si safari ya miguu ya asubuhi moja. Bodaboda inaweza kukusaidia, lakini kelele yake inafukuza ndege, na ukikutana na ndovu huna pa kujificha. La pili ndilo hilo la ndovu. Wapo, na hawapendi kushtuliwa vichakani. Mwongozaji akiona kinyesi kibichi akasema turudi, rudini. La tatu ni udongo mwekundu baada ya mvua: gari la kawaida huteleza na kuzama, na siku nzima ya ndege inageuka siku ya kusukuma gari.

Gede na Mida, nyongeza zisizopatikana kwingine

Ubora mkubwa wa Arabuko ni majirani zake. Ndani ya magofu ya Gede, chini ya mibuyu na mikuyu, mkesha mwenye madoa, Geokichla guttata, hupekua majani kati ya kuta za msikiti wa kale. Huyu ni ndege aliye hatarini, na pwani ya Kenya huja kama mgeni, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba. Mgongo wake ni kahawia, tumbo jeupe lenye madoa meusi makubwa kama matone ya wino. Nenda mapema kadiri utakavyoruhusiwa kuingia. Basi la kwanza la wanafunzi likishafika, amekwenda.

Hori la Mida liko dakika chache kwa gari. Kuna daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Hapa kinachoamua ni maji, wala saa ya mkononi haina kazi: maji yakiwa yametoka kabisa, ndege wako mbali mno kwenye tope, yakiwa yamejaa kabisa, hawana pa kusimama. Fika yanapoanza kupanda, ukae, na yatawasogeza kuelekea kwako. Wageni wa kaskazini, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wapo kati ya Septemba na Aprili. Kwa familia yenye watoto, Gede na Mida ndiyo sehemu rahisi kuliko zote tunazozitaja hapa.

Amani: msitu wa kusikia kwanza

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini historia yake ni ndefu zaidi: Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapo mwaka 1902, na bado unapita kati ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia kabla hujaufikia msitu wa asili. Mmoja wa miti hiyo ya kigeni, Maesopsis eminii, ulitoka bustanini na mashambani ukaingia msituni, na leo ni tatizo la kweli: unakua haraka kwenye kila mwanya uliofunguka na kuichukua nafasi ya miti ya asili.

Tofauti kubwa na Arabuko ni kwamba Amani imesimama wima. Arabuko ni kanda za mashariki na magharibi. Amani ni kanda za chini na juu. Kituo cha Zigi kiko chini, kwenye msitu wa joto. Bundi mdogo wa Sokoke wa upande wa Tanzania, aliyegunduliwa huko miaka ya 1990, ni wa miteremko hiyo ya chini. Kijiji cha Amani kiko juu, kama mita 900, na ndege wa kule ni wengine kabisa. Mgeni anayelala Amani juu muda wote bila kushuka Zigi ameona nusu ya hifadhi, na anayebaki Zigi vivyo hivyo. Gawa siku zako: mbili juu, moja chini, hata kama mizigo itakusumbua.

Nyota wa Amani ni ndege mdogo wa kijivu, Artisornis moreaui, mshonaji mdomo-mrefu. Aliandikwa kisayansi mwaka 1931 kutokana na ndege wa hapohapo, na mbali na Usambara Mashariki anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Wengi humkosa kwa sababu wanamtafuta msitu wa ndani wenye miti mikubwa. Yeye anapenda kingo na mianya: mahali ambapo mti ulianguka, jua likaingia, mitambaazi ikapanda ikafumana. Simama barabarani penye fundo kama hilo la mitambaazi, utulie dakika ishirini. Utasikia sauti kali ya kujirudia kabla hujaona chochote, kisha kitu kidogo kitapita ndani ya kijani kama panya. Mdomo mrefu ndio utakaomtambulisha, na mara nyingi ndio utakaouona peke yake.

Ndege wengine wa Amani huja kwa makundi. Mtazame mramba, yule mweusi mwenye mkia uliokatika kama mraba. Yeye ndiye mlinzi wa kundi, na akipiga kelele juu ya njia jua wenzake wanakuja. Kundi likipita, kosa la kawaida ni kukimbilia ndege wa kwanza na kumng'ang'ania. Telekeza huyo. Chagua mti mmoja ambao kundi linaelekea, elekeza darubini hapo, waache wapite mmoja mmoja mbele yako. Kwenye kundi zuri utapata machozi wa aina tatu au nne, na ukiwa na subira, hiliota wa Usambara juu kabisa, ndege aliye hatarini asiyepatikana nje ya milima hii.

Halafu siafu. Msafara wa siafu ukikatiza njia, usiruke ukaondoka. Wadudu wanaokimbia siafu ndio chakula cha akalati na ndege wengine wa ardhini, ambao siku nyingine huwaoni hata kivuli. Kaa mita nne au tano kando ya msafara, suruali ndani ya soksi, usikanyage ukingo wake. Wakianza kukupanda, rudi nyuma hatua chache ujipanguse, usipigepige miguu. Nusu saa hapo inaweza kukupa zaidi ya asubuhi nzima ya kutembea.

Usiku, kaa nje ya nyumba ya wageni taa zikiwa zimezimwa. Bundi mkubwa wa Usambara huita kwa ngurumo ya chini inayosikika kifuani zaidi ya masikioni. Kumwona ni jambo jingine. Wengi huridhika na kumsikia, na inatosha.

Yanayokwamisha Amani ni mvua na barabara, na hayo mawili ni ndugu. Mlima huu hupata mvua karibu kila mwezi. Kutoka Muheza ni kama kilomita 35, na sehemu ya mwisho kutoka Zigi hupanda kwa kona kali. Ikilowa, gari dogo linakwama. Magari ya abiria ni machache kwa siku, kwa hiyo fika Muheza asubuhi, si jioni. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu na vyenye meno: njia ina matope na majani yaliyolowa, na moma wa Gaboni, nyoka mwenye sumu anayelala bila kutikisika kati ya majani, ni mwenyeji wa msitu huu. Tazama unapokanyaga, na usikalie gogo bila kulizunguka kwanza.

Ngangao, kwa ufupi na kwa heshima

Vilima vya Taita vimepoteza karibu msitu wote wa asili. Vilivyobaki ni vipande vilivyozungukwa na mashamba na mikaratusi, na Ngangao ni mojawapo ya vile vikubwa, pamoja na Mbololo na Chawia. Mkubwa hapa maana yake ni hekta 120. Ndani yake kuna ndege ambao hawapatikani nje ya vilima vya Taita na jirani yake: mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayetembea kimya sakafuni, apalisi wa Taita, wa kijivu mwenye koo jeusi, ambaye yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka na ambaye idadi yake imekuwa ikishuka, na kinengenenge wa Taita, yule wa kijani mwenye duara jeupe kubwa machoni, anayeonekana kwa urahisi kuliko wenzake.

Kwa mgeni, udogo huu ni faida: msitu mzima unatembeka asubuhi moja, na ndege wote watatu wako njiani. Kwa ndege, udogo huohuo ndio hatari. Kundi la watu kumi wakipiga rekodi za sauti kila kona wanaweza kumsumbua kila apalisi aliyeko upande huo wa msitu kabla ya saa nne. Nendeni watu wanne pamoja na mwongozaji, si zaidi. Ukungu ndio kizuizi. Kuna asubuhi unapofika saa kumi na mbili huoni mti wa pili, na hadi saa tatu haujainuka. Ndiyo maana tunasema weka asubuhi ya akiba. Beba sweta, kwa kuwa anayetoka Voi kwenye joto hushangazwa na baridi ya Wundanyi, mji ulio huko vilimani.

Mwezi gani uende

Ukiwa na Januari na Februari, Amani ni bora kuliko nyakati nyingine nyingi: mvua hupungua, barabara hupitika. Arabuko nayo ni kavu, lakini mkesha mwenye madoa hayupo Gede; Mida kwa upande wake imejaa wageni wa kaskazini. Aprili na Mei ziepuke kwa Amani na kwa magari ya ndani ya Arabuko. Kuanzia Julai hadi Septemba ni wakati unaopatanisha mengi: mkesha yuko Gede, mvua kubwa zimekwisha, barabara za Arabuko zimekauka. Taita miezi hiyo ni ya ukungu na baridi, na kwa Ngangao tungechagua Januari na Februari, kukiwa na jua la asubuhi. Septemba mwishoni ina uzuri wake wa peke yake pwani: mkesha bado hajaondoka na ndege wa Mida wameanza kuwasili.

Malipo na njia

Kokote uendako, tenganisha malipo kichwani: kiingilio cha hifadhi ni kimoja, ada ya mwongozaji ni nyingine, gari au kambi ni nyingine tena. Wageni hugombana langoni kwa kudhani kiingilio kimejumuisha vyote. Viwango hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa nje, basi beba kitambulisho au pasipoti, maana asiye na ushahidi hulipishwa kama mgeni. Kenya malipo ya hifadhi za serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa simu. Tanzania utapewa namba ya malipo ya serikali ulipie kwa simu au benki; jambo hili limalize ukiwa Muheza, usisubiri mlimani ambako mtandao unaweza kukatika. Mwongozaji wa Arabuko, Amani au Taita mlipe kamili na kwa heshima. Kijana anayelipwa kwa kujua bundi analala wapi ana sababu ya kuulinda mti huo dhidi ya shoka.

Kufika Gede ni rahisi kuliko kote: matatu za Mombasa–Malindi hupita palepale. Kwa Ngangao, treni au basi hadi Voi, kisha matatu ya Wundanyi, na mwisho bodaboda.

Vifaa, na suala la sauti

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) inafaa misitu yote mitatu kuliko ya 10x42. Msituni ndege yuko karibu na anasogea. Unahitaji uwanja mpana wa kuona na mwanga mwingi, si kukuza zaidi. Ukilala kwenye chumba chenye kiyoyozi pwani, toa darubini nje ikiwa ndani ya mfuko wake dakika ishirini kabla ya kuondoka, la sivyo vioo vitafunga ukungu na dakika bora za alfajiri utazimalizia kwenye kufuta. Amani beba kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, na cha pili. Nguo ziwe za kijani iliyofifia au kahawia. Zisiwe nyeupe, na zisiwe za plastiki inayochakarisha. Andika majina ya Kilatini ya ndege wako kwenye karatasi, kwa kuwa majina ya Kiswahili ya ndege wa msituni hutofautiana kijiji kwa kijiji na mwongozaji atakuelewa mara moja.

Sasa sauti. Ndege anayesikia rekodi ya mwenzake kwenye simu yako anadhani amevamiwa. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Ukifanya hivyo mara moja kwa sekunde chache, pengine hakuna neno. Kikifanyika kila siku, na kila kundi, mahali palepale, ndege huhama himaya au hushindwa kulea. Ngangao usipige kabisa. Amani na Arabuko mwachie mwongozaji aamue, na ndege akishajibu, zima. Kwa bundi aliyelala sheria ni fupi: usikaribie zaidi ya mita tano, hakuna mwanga wa kamera, kaa kimya dakika tano kisha ondoka. Mtazame umbo lake. Akiwa ametulia ni mviringo kama embe. Akijinyoosha akawa mwembamba, masikio juu na macho yamebaki mstari, anakuogopa, na tayari umekaribia mno. Rudi nyuma polepole kwa njia uliyoingilia.

Basi, yupi kwa nani

Mwenye siku mbili au tatu na anayeanza kuangalia ndege aende Arabuko, na aweke Gede na Mida katika ratiba. Atawaona ndege adimu kwa macho, siyo kwa masikio tu, na hilo ndilo linalomfanya mtu arudi.

Anayependa kutembea, asiyekasirishwa na mvua na mwenye siku nne aende Amani. Asiyeweza kuvumilia saa tatu za kijani bila ndege atachoka na ataudhika, na tunamwambia wazi mapema.

Ngangao ni kwa aliyekwisha kuzoea, anayejua kusimama kimya na anayesafiri na watu wachache. Anayepita Voi akielekea Tsavo anaweza kuongeza usiku mmoja Wundanyi bila kuvuruga safari yake.

Mwenye wiki mbili anaweza kuunganisha Arabuko na Amani kwa barabara ya pwani: Gede, Mombasa, kivuko cha Likoni, mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Muheza. Usijaribu kuimaliza siku moja. Foleni ya Likoni na mihuri ya mpakani havina ratiba, na ukichelewa Muheza hutapata gari la kupanda mlima. Lala Tanga, uwe umeamka mapema, na uwe na kadi ya homa ya manjano mkononi. Anza na Arabuko, umalize na Amani, siyo kinyume: masikio yaliyokwisha kujifunza sauti ya akalati na chozi kwenye msitu ulio wazi wa pwani yatakusaidia sana kwenye ule mnene wa mlimani.